Mkanda wa Delmira Gastaldi

Delmira Gastaldi alizaliwa juu ya duka la matandiko ya farasi, na nadhani harufu ya ngozi ilimwingia kabla ya maziwa. Baba yake, mzee Battista, alishona matandiko, hatamu na mijeledi, na mavuno yakikaribia alishona mikanda mirefu ya kuendeshea mashine za kupuria ngano. Mtoto wa kiume hakujaliwa. Basi binti akakalishwa kwenye kigoda, akapewa msharasi wa kutobolea na sindano mbili, akafundishwa namna ya kupitisha uzi mmoja wa katani kwenye tundu moja kutoka pande zote mbili, ili upande mmoja ukikatika wa pili ushike. Shuleni mikono yake ilinuka ngozi, na yangu ilinuka hamira kwa kuwa kwetu tulikuwa waoka mikate. Hakuna aliyetaka kukaa na sisi, basi tukakaa pamoja. Hadi leo duka lake na tanuri langu vinatazamana, katikati ni barabara tu.

Farasi waliondoka mjini kwetu, Colonia Valmora, mmoja mmoja, kama wageni wanaoaga arusini. Yakaja matrekta, kisha yakaja matrekta yenye viyoyozi, na mikanda ikawa ya mpira inayotoka kiwandani. Mzee Battista alikufa akiwa bado anapaka mafuta tandiko ambalo hakuna aliyeliagiza. Delmira akaendelea. Alishona mikoba ya shule, viatu, mipira ya klabu ya kandanda, kamba za mbwa. Aliolewa na Nino, dereva wa lori la maziwa, mtu mpole aliyekuwa akiimba akiwa peke yake na akinyamaza akiwa na watu. Nino alipofariki, alimwachia mtoto mmoja, Fabricio, na mtoto huyo naye, mwaka ule viwanda vilipofungwa na vijana wakawa wanapanga foleni kwenye balozi, akapanda ndege akaenda Torino, ng'ambo ya bahari. Babu wa babu yake alitoka upande huo huo akiwa na njaa na sanduku la mbao. Delmira alisema, "Tumezunguka dunia nzima tukarudi pale pale pa kukosa kazi."

Miaka ilipita hivyo. Fabricio alipata kazi, akapata mke, na kila Jumapili alipiga simu kumwambia mama yake afunge duka aende akaishi nao. Kila Jumapili Delmira alijibu kwamba atafikiria. Kisha mkwe akabeba mimba, na safari hii Delmira hakusema atafikiria. Alisema atakwenda.

Ni mwaka huo huo ndipo mkanda wa klabu ulipokatika.

Hapa kwetu tukisema klabu bila kutaja jina, hatusemi ile ya kandanda. Ni Klabu ya Mashine za Kale, iliyoko kwenye ghala la reli lililoachwa tangu treni ilipoacha kupita. Wanachama wake ni wanaume waliostaafu na wasioweza kukaa nyumbani, au ambao wake zao hawawezi kukaa nao. Wanafufua mashine za babu zetu: za kupuria ngano, za kukata majani, injini za mvuke, na trekta moja kubwa la pistoni moja ambalo tunaliita Mama Mkwe, kwa sababu huchelewa kupata moto na akishaanza kusema hanyamazi. Lakini si watu wa kuchezea vyuma tu. Majira ya baridi huwapelekea wajane kuni. Hukata majani makaburini. Na kila Desemba hupura ngano ya shamba la klabu mbele ya mji mzima, unga huletwa kwangu, nami huoka mikate ya kantini ya shule na ya nyumba ya wazee. Watoto wengi waliokula kantini miaka ile mibaya walikula mkate wa klabu bila kujua, na hakuna aliyewaambia.

Mwenyekiti alikuwa Remo Tosolini, fundi makanika, mrefu, mwenye nyusi kama brashi za kusugulia masufuria. Alichaguliwa kwa sababu siku ya uchaguzi alichelewa kufika na hakuwepo kukataa.

Desemba hiyo watu walikuwa wamejaa, nyama ziko juu ya makaa, bendi inapiga, Mama Mkwe ananguruma, mashine ya kupuria inatema makapi. Mkanda wa mpira ulikuwa mzee kuliko padre wetu. Ulikatika ghafla, ukaruka juu ya vichwa vya watu kama nyoka aliyetupwa, ukatua kwenye ngoma kubwa ya bendi ukaipasua. Hakuna aliyeumia, tumshukuru Mungu, ila mpiga ngoma hakusema neno hadi jioni. Miganda ya ngano ikabaki imelala pale pale. Waliuliza kila mahali, hadi miji mikubwa, na jibu likawa moja: mikanda ya upana ule haitengenezwi tena.

Nilikuwa dukani kwa Delmira tukinywa yerba, chai yetu ya majani machungu, kibuyu chake kiko mkononi mwangu, Remo alipoingia ameshika kofia. Delmira hakuinua macho kwenye mkoba aliokuwa akishona.

"Kuna mtu amekufa?" akauliza.

"Mkanda," Remo akasema.

"Pole sana. Mazishi lini?"

Remo akavuta kigoda akakaa bila kukaribishwa. Akaeleza habari ya miganda iliyolala, ya mvua itakayoiozesha, ya watoto wa kantini. Delmira akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba anaondoka kwenda Torino, mjukuu anakuja, duka anafunga, na zaidi ya hayo Remo mwenyewe ndiye aliyesimama hapo mlangoni zamani na kumwambia baba yake kwamba ngozi imepitwa na wakati.

"Nilisema," Remo akakubali. "Nilikuwa kijana na nilikuwa nauza mikanda ya mpira. Sasa mimi mwenyewe nimepitwa na wakati, ndiyo maana nimekuja kwa wenzangu."

Nikaona mdomo wa Delmira unatetemeka. Hakucheka, lakini aliweka mkoba chini.

"Mmoja tu, Remo. Na hao wazee wako wasije kunisimamia kichwani kunifundisha."

Duka lilikuwa fupi mno kwa mkanda wa urefu ule, basi akahamia ghalani. Ngozi za migongo ya ng'ombe zilitoka kiwanda kidogo cha mji jirani, akazichagua moja moja kwa kuzinusa na kuzikunja. Alizikata vipande virefu, akachonga ncha zake zikawa nyembamba kama ulimi, akazigundisha zikipandana, kisha akashona kila kiungo kwa mshono wa baba yake. Wazee walikuja kumsimamia kichwani kumfundisha, kama alivyotabiri. Telmo mwenye bucha, ambaye hawezi kukaa kimya hata kanisani, alimwambia kwamba yeye anajua ngozi kuliko mtu yeyote mjini kwa kuwa ndiye anayeichuna. Delmira akamjibu kwamba hata kupe anakaa kwenye ngozi ya ng'ombe maisha yake yote na hajashona kitu. Kuanzia siku hiyo Telmo akawa rafiki yake mkubwa, na asubuhi alikuwa akimletea soseji.

Niliona mabadiliko ambayo yeye mwenyewe hakuyaona. Alikuwa akirudi nyumbani na ngozi chini ya kucha na mgongo unauma, lakini alikuwa anakula. Tangu Nino afariki alikuwa anaonja tu.

Siku mkanda ulipowekwa kwenye puli hapakuwa na bendi wala sherehe, ni sisi tu na miganda iliyookolewa chini ya turubai. Remo akapasha moto kichwa cha Mama Mkwe kwa taa ya kuchomea, akazungusha gurudumu, na Mama Mkwe akaanza: tuf, tuf, tuf. Mkanda ukaenda katikati ya puli kama umepigiwa mstari, hauyumbi, haupigi kelele, unavuma tu. Delmira alisimama mikono nyuma. Baadaye akaniambia, "Hilda, nilidhani baba ameingia ghalani akakohoa. Niligeuka kutazama."

Ngano ikapurwa, mikate ikaokwa. Klabu ikampa uanachama, mwanamke wa kwanza, na akaupokea akisema ni wa miezi michache tu.

Maana safari ilikuwa palepale. Fabricio alishatuma tiketi. Mjukuu alizaliwa, msichana, na picha yake ikabandikwa kwenye kioo cha duka ili kila mpita njia aione. Delmira akaanza kugawa vitu: kuku kwangu, jiko kwa jirani, viti kwa kanisa. Vyombo vya kazi vya mzee Battista hakujua ampe nani. Hakuna aliyekuwa anashona. Mwishowe akavipeleka klabu, na Remo, kwa heshima zote, akatengeneza kabati la kioo, akavipanga juu ya kitambaa chekundu: misharasi, sindano, kisu cha nusu mwezi, kipande cha nta chenye alama za uzi. Akaweka kibao: Vyombo vya Mshona Matandiko. Tafadhali Usiguse. Kabati likafungwa na ufunguo akapewa mhazini.

Siku ya kulizindua watu walipiga makofi. Delmira aliliangalia kwa muda, akanong'ona sikioni mwangu, "Wamenizika, mwenzangu. Na wamenifunika na kioo ili nisipate vumbi."

Nikamwambia aache maneno hayo. Lakini usiku sikupata usingizi vizuri, kwa sababu niliona ni kweli.

Wiki ya safari yake, mvua ikaanza.

Mvua tunaijua. Mji wetu umekaa kama sahani. Upande wa magharibi kuna tuta la reli, na ng'ambo ya tuta kuna mfereji unaopeleka maji mtoni. Mashamba yakijaa, tunaziba kalavati la chini ya tuta kwa mifuko ya mchanga ili maji ya nje yasiingie, na mvua inayonyesha ndani ya mji inavutwa na pampu za umeme na kurushwa ng'ambo. Ndivyo tulivyoishi. Ila mvua hii haikuwa ya kupita. Ilinyesha kama imesahau namna ya kuacha. Nguzo za umeme zikaanguka mashambani, pampu zikanyamaza, na barabara ya lami ikamezwa pande zote mbili. Meya wetu, mama mwenye sauti ndogo na buti kubwa, alizungumza na wakubwa wa mkoa kwa redio ya zimamoto. Wakamwambia pampu kubwa iko njiani. Njiani wapi, hakuna aliyejua, maana njia yenyewe haikuwepo.

Asubuhi maji yalikuwa yamefika kwenye uwanja wa shule. Nyumba ya wazee iko jirani na shule, na ina wazee wasioweza kuinuka kitandani. Tukaanza kupandisha magodoro juu ya meza. Basi lililokuwa limchukue Delmira kwenda kupanda ndege halikuja, na wala hakulingoja. Nilimkuta mlangoni kwa wazee, sketi amefunga kiunoni, anabeba mzee mmoja mgongoni pamoja na muuguzi.

Hapo ndipo Remo alipokuja akitembea ndani ya maji, akamwita meya kando, akasema klabu ina pampu. Ilikuwa pampu ya kale ya kumwagilizia majani ya ng'ombe, kubwa kama tanuri langu, waliyoiokota kwenye shamba lililouzwa na kuipaka rangi ya kijani kwa ajili ya maonyesho. Meya akamuuliza kama inafanya kazi.

"Sijui," Remo akasema. "Haijawahi kugusa maji tangu tuipake rangi. Lakini pampu haina akili ya kusahau."

Mama Mkwe hana umeme ndani yake, hata taa hana, kwa hiyo hakuwa na cha kuharibika. Aliivuta pampu taratibu hadi kwenye tuta, magurudumu yake ya chuma yakikata matope ambayo matrekta mapya yalikuwa yamezama humo tangu jana. Wakalishusha bomba la kunyonyea, la kutemea likapita juu ya tuta. Kisha wakafunga mkanda, ule ule wa Delmira, kutoka puli ya trekta hadi puli ya pampu.

Pampu ikatetemeka, ikatoa kutu, ikatoa chura, kisha ikatema maji ng'ambo ya tuta, bomba zima. Watu waliokuwa wamesimama kwenye mvua walikumbatiana. Remo alivua kofia, akaivaa tena.

Furaha ile haikufika adhuhuri. Ngozi haipendi maji. Delmira alikuwa amesema hivyo tangu mwanzo. Mkanda ukaloa, ukalegea, ukaanza kuteleza kwenye puli, na pampu ikapungua nguvu. Akaitwa. Akaja, akaugusa, akatoa amri kama mtu aliyekuwa anangoja miaka mingi kuzitoa. Alitaka mapaa juu ya mkanda, urefu wake wote. Yakaletwa maturubai ya malori, mapazia ya ukumbi wa dansi, vitambaa vya meza vya kanisani, na watu wakajipanga pande mbili wakiyainua kwa miti na mafagio, kama wanavyobeba kitambaa juu ya sanamu ya mtakatifu siku ya maandamano. Nilishika kona moja. Mbele yangu alisimama mwalimu mkuu, nyuma yangu watu wawili waliokuwa hawasalimiani tangu ugomvi wa mpaka wa shamba, wameshika mti mmoja. Kisha Delmira akauliza nani mpiga fidla, na Osvaldo anayepiga fidla kubwa kwenye bendi akakimbia nyumbani akarudi na ulimbo mkavu anaopaka kwenye upinde. Delmira akausaga na nyundo, akaunyunyiza upande wa ndani wa mkanda. Ukashika.

Ukashika hadi kiungo kimoja kikaanza kufunguka. Nilikiona nami: kila kilipopita, ulimi wa ngozi uliinuka kidogo zaidi. Remo akazima kila kitu. Pampu iliponyamaza, tukasikia tena mvua, na tukajua kwamba nyuma yetu maji yanapanda.

Delmira akakishika kiungo, akapitisha kidole. "Gundi imeyeyuka," akasema. "Uzi umebeba mzigo peke yake ukachoka. Nikipata vyombo vyangu nakishona kiungo upya, mshono mara mbili."

Vyombo vyake. Wote tukatazamana. Vilikuwa kwenye kabati la kioo, na mhazini mwenye ufunguo alikuwa ng'ambo ya maji, kwa dada yake, tangu Ijumaa.

Remo alipangusa mikono kwenye suruali. Akaondoka kuelekea ghalani, mimi na Telmo nyuma yake. Akasimama mbele ya kabati alilolitengeneza kwa mikono yake, mbele ya kibao alichokiandika kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote. Akavua koti, akalizungusha kwenye kiwiko, akavunja kioo. Aliviokota vyombo kimoja kimoja kutoka kwenye vipande vya kioo, akavifunga kwenye kile kitambaa chekundu. Telmo, ambaye nilisema hawezi kukaa kimya, alikaa kimya.

Delmira alishona ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mkanda magotini, chini ya pazia la ukumbi wa dansi. Mikono ilikuwa imekufa ganzi kwa baridi. Nilimpulizia vidole kwa pumzi yangu kama tulivyofanya shuleni asubuhi za umande ulioganda. Telmo alishika ngozi pande mbili isimponyoke, na kila msharasi ulipopenya alifumba macho, mtu anayechinja kila siku. Watu wa mstari walibaki wameshika miti yao. Hakuna aliyemwambia fanya haraka. Naye hakufanya haraka. Alivuta kila uzi hadi ulie, akautazama, ndipo akatoboa tundu jingine.

Alipokata uzi wa mwisho kwa meno, alisema tu, "Haya. Mwamsheni Mama Mkwe."

Pampu ilifanya kazi mchana wote ule, na siku zilizofuata, kwa zamu. Mvua ilipungua kabla yetu sisi kuchoka. Nisiseme kwamba kila kitu kiliokoka: nyumba za bondeni zililowa hadi madirishani, tanuri langu lilikaa baridi kwa muda mrefu, na familia moja ilipoteza nguruwe wake wote. Lakini maji hayakuingia vyumba vya wazee. Yalifika kwenye kizingiti, yakasimama hapo kama mgeni asiyejua kama atakaribishwa, kisha yakarudi. Pampu ya mkoa ilikuja baadaye, nzuri, mpya, na ikamalizia kazi. Vijana walioileta walipiga picha na mkanda.

Simu zilipofunguka Fabricio alipiga akilia na kufoka kwa wakati mmoja. Delmira aliweka sauti ya nje kwa sababu mikono yake ilikuwa imefungwa bandeji.

"Mama, ndege imekuacha. Nilidhani umekufa maji."

"Sijafa, baba. Nilikuwa kazini."

"Kazini wapi? Si ulifunga duka?"

Delmira alinitazama, akatazama bandeji zake. "Nilidhani hivyo hivyo," akasema.

Alikwenda Torino, usidhani hakwenda. Alikwenda mvua zilipoisha, akambeba mjukuu, akamwimbia nyimbo za Nino, akagombana na mkwe kuhusu chumvi kwenye polenta, ule ugali wa wazee wetu, wakapatana. Alikaa hadi mtoto alipoanza kukaa mwenyewe. Huku nyuma Remo alikuwa akija dukani kwangu kununua mkate asiouhitaji, akiuliza kwa kupita tu kama kuna habari. Nilimwambia kama anataka habari aandike barua. Akaandika. Sijui aliandika nini. Najua tu kwamba Delmira aliporudi alishuka kwenye basi na Remo alikuwa amesimama kituoni amenyoa nyusi, na Delmira alimwambia anafanana na yai.

Kabla ya kurudi alimwambia mwanawe maneno ambayo Fabricio mwenyewe alinisimulia alipokuja kututembelea. Alimwambia kwamba kwake Torino yeye ni mama na ni bibi, na hayo ni makubwa, anashukuru. Lakini Valmora kuna kitu ambacho bila mikono yake kinakwama. Atakuwa anakwenda na kurudi, kama ndege wa majira, hadi mabawa yachoke. Fabricio alisema hakupenda, lakini alielewa, kwa sababu alimwona mama yake akilitazama tandiko la mapambo kwenye ukuta wa mkahawa mmoja na kugeuza uso.

Kioo cha kabati hakikuwekwa kingine. Vyombo viko mezani ghalani, vinatumika. Klabu za miji mingine zilisikia, zikaanza kuagiza mikanda, na Delmira akaona kwamba peke yake hawezi. Basi Jumanne na Alhamisi alasiri anafundisha. Tupo wanafunzi wa kila namna: wauguzi wa nyumba ya wazee, Osvaldo wa bendi, wale mahasimu wawili wa mpaka ambao bado hawasalimiani lakini sasa wanakaa benchi moja, Telmo na vidole vyake kama soseji zake mwenyewe, na mimi, ambaye maisha yangu yote nilidhani nilizaliwa kwa ajili ya unga tu.

Mkanda wangu wa kwanza ulikuwa mfupi, wa mashine ndogo ya kupukuchulia mahindi. Niliushona kwa moyo wote. Tulipowasha mashine ulikwenda kushoto, ukaenda kulia, ukachomoka, ukatoka nje mlangoni ukafyeka nyanya za Remo ambazo alikuwa anajivunia tangu Septemba. Remo alizitazama, akanitazama mimi, akaingia ndani kutafuta kiti.

Delmira akaenda kuuokota mkanda. Akauweka kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole kwenye mshono kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole, kama anasoma.

"Hapa ulikuwa unaongea," akasema. "Na hapa. Hapa ulikuwa unamsikiliza Telmo." Akafika mwisho, akatikisa kichwa, akaniwekea mkanda magotini pamoja na kisu. "Fumua, Hilda. Katikati hapa pana mishono minane mizuri sana. Tuanzie hiyo."

Nikafumua.